Mwaka Nilioazimwa

Juzi nilipeleka kiatu kwa fundi mmoja nyuma ya soko la Mwanjelwa, nikamkuta anapaka mafuta ya kondoo kwenye mkanda wa ngozi uliokakamaa. Harufu ile ilinikamata nikabaki nimesimama mlangoni na kiatu mkononi, mpaka kijana wa watu akaniuliza, "Mzee, unajisikia vibaya?" Nikamwambia ni vumbi tu. Wa rika langu mliosoma bweni enzi za Mwingereza mnaijua harufu hiyo bila kuelezwa. Mpira wa miguu wa siku zile ulikuwa wa ngozi tupu, mdomo wake umefungwa kwa kamba, na usipopakwa mafuta ya kondoo ukanyeshewa, unakuwa mzito kiasi kwamba ukiupiga kichwa unalala na kizunguzungu. Shuleni kwetu mpira ulikuwa mmoja, na mwenye kuutunza alikuwa kapteni.

Nilitaka kuwa kapteni. Sijui kama nimewahi kutaka kitu kingine namna ile, na mke wangu akisoma hapa atanisamehe, kwa kuwa yeye nilimpata bila kukimbia mlima.

Mimi ni mtoto wa Mwanjelwa ya Mbeya, ile ya wakati huo yenye vibanda vichache vya biashara na mashamba ya viazi nyuma yake. Baba aliuza vitambaa na mafuta ya taa. Babu zetu walifika huku kwa miguu kutoka pwani wakifuata biashara, ndiyo maana nyumbani kwetu kulikuwa na Kiswahili kitupu na swala tano, wakati watoto niliocheza nao walikuwa na Kisafwa chao au Kinyakyusa chao cha kurudia jioni. Nilipofaulu kwenda sekondari Iringa nilipanda basi alfajiri, nikala vumbi hadi Igawa, tukashuka kunywa chai, nikapanda kula vumbi tena. Nilifika nikiwa mwekundu kuanzia nywele hadi kucha, na walionicheka siku hiyo ndio waliokuja kuwa rafiki zangu.

Shule ilikuwa juu mlimani, na Ipogolo iko chini bondeni kando ya Ruaha Mdogo. Baridi ya pale ilikuwa inakuamsha kabla ya kengele. Uwanja wetu uliinama upande mmoja, magoli yalikuwa ya mikaratusi, na tulicheza pekupeku juu ya changarawe. Mwenye viatu alikuwa kipa wetu tu, Lusiano, Mhehe mwenye maneno machache na mazito, na hata viatu hivyo vilikuwa vya mjomba wake, alipewa mjomba alipofariki. Vilimpwaya, akawa anavijaza majani makavu kila kabla ya mechi.

Kapteni alikuwa Gaitani, mzaliwa wa palepale Ipogolo, mtoto wa pekee wa mama mjane. Alikuwa mrefu na mtaratibu, wa aina ya watu wanaomaliza kutafuna kwanza ndipo wajibu. Ukapteni kwetu haukuwa jina la bure. Kapteni alikuwa na jezi yake mwenyewe yenye ukosi mweupe, akiiweka sandukuni mwake, wakati jezi za wengine zilifungiwa stoo na panya. Yeye ndiye aliyeupaka mpira mafuta, akaujaza upepo kwa mdomo, akaufunga kamba kwa namna ambayo fundo halimchubui mtu paji la uso. Alikula wa mwisho. Yeye pia ndiye aliyechagua msaidizi wake, na msaidizi, mambo yakienda sawa, ndiye aliyekuwa kapteni mwaka uliofuata. Kwa hiyo shughuli yangu ilikuwa kumfanya Gaitani anione.

Nilijipendekeza bila haya. Nilishuka Ipogolo kwa mbio na kupanda kwa mbio, makusudi, saa ambazo nilijua yupo dirishani. Nilikwenda machinjioni kumwombea mafuta ya kondoo. Nilijifunza kusema "kamwene" kwa kila Mhehe niliyekutana naye, hata ng'ombe wakipita nilikuwa karibu kuwasalimu. Gaitani aliyaona yote hayo na hakusema kitu, hadi siku moja tulipokuwa tunafunga kamba ya mpira.

"Rajabu," akasema, "miguu unayo. Sauti huna."

Ilikuwa kweli. Sauti yangu ilikuwa bado nyembamba, ya mtoto wa chuoni anayesoma juzuu. Nikipaza uwanjani, upande wa pili walicheka. Basi alinichukua baada ya mazoezi, akanisimamisha goli la chini, yeye akaenda goli la juu akanipa mgongo. "Paza mpaka nigeuke," akasema. Nilipaza mpaka koo likaniuma, na mara nyingi aliondoka zake bila kugeuka. Jioni aliyogeuka hatimaye, sijui kama ni sauti iliyomgeuza au huruma. Kesho yake alimwambia Mwalimu Edgari wa michezo kwamba msaidizi wake ni mimi, na usiku huo nililala na kipande cha kamba ya mpira chini ya mto.

Hayo yalikuwa mwanzoni mwa masika, na masika hayohayo yalimchukua. Tulicheza na shule ya misheni mvua ikinyesha kutwa, akaanza kukohoa, akasema ni mafua. Alikimbia na mafua yake mpaka asubuhi moja hakuamka. Kilikuwa kichomi. Walimpakia nyuma ya lori kumpeleka hospitali, amefunikwa mablanketi ya bweni zima, na aliponiona nimesimama karibu na gurudumu akasema, "Mpira usikauke." Sikumwona tena. Dawa za siku zile mnazijua, na barabara za siku zile mnazijua. Niliupaka mpira mafuta kila siku alipokuwa huko, na habari ilipofika niliendelea kuupaka, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache.

Baada ya mazishi mama yake alikuja shuleni kuchukua sanduku lake. Mwalimu Edgari alikuwa mtu wa kaskazini, mwenye moyo mwema na haraka nyingi, na aliona asimwache mama wa watu aondoke na sanduku kichwani hivihivi. Akatupanga mistari uwanjani shule nzima. Mama Gaitani alikalishwa kwenye kiti cha ofisini. Alikuwa amevaa kaniki, amenyolewa nywele, miguu ina vumbi la kupanda mlima. Mwalimu akafungua sanduku, akatoa jezi yenye ukosi mweupe, akasema timu haifi, kapteni akianguka mwenzake anasimama. Kisha akaniita mbele. Angenipa ile jezi mkononi, hadithi hii isingekuwepo. Alinivalisha. Aliipitisha kichwani mwangu mwenyewe, akanivutia mikono, akaninyooshea ukosi mbele ya yule mama, nayo ikanifika mapajani.

Sisi wa Mbeya na wa mbali tulianza kupiga makofi. Wahehe wote waliinamisha vichwa, na makofi yetu yakafa njiani. Mama Gaitani akainuka. Alikuja polepole, akanishika uso kwa mikono miwili, mikono yenye harufu ya moshi wa kuni, akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Kamwene, Gaitani," akasema.

"Kamwene, mama," nikaitika. Ndiyo salamu niliyoijua, na nyumbani nilifundishwa kwamba mkubwa akikusalimu unaitika. Nilidhani msiba umemvuruga akili. Mwalimu Edgari alifuta macho, akaamini shughuli imependeza.

Bwenini Lusiano alikaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimekuwa kapteni."

"Umemrithi mtu, wewe." Alisema taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. "Kwetu mtu akifa, matanga yakiisha, wanatafuta wa kukaa pale pake. Wanamvalisha nguo ya marehemu, watu wote wanaona, wanamwita jina lile. Basi ndiyo yeye. Watoto wa marehemu wanamwita baba."

"Lakini mimi siyo ndugu yake."

"Ndiyo nashangaa. Halafu Gaitani kijana tu, hajaoa. Kijana harithiwi. Anazikwa, imeisha, jina linapotea. Mama yake alijua imeisha. Sasa shule imemvalisha mtu." Akatazama viatu vyake chini ya kitanda. "Mimi hivi nilipewa mkononi tu. Sikuvalishwa."

Nikamuuliza, je, nikiivua.

"Ukivua unamuua mara ya pili," akasema, akaenda kulala.

Sikulala mimi. Hapo ndipo ulipoanza ule wakati ambao mpaka leo siwezi kuusimulia mbele ya wajukuu jioni. Kitu nilichokuwa nakikimbilia kupanda na kushuka mlima nilikuwa nacho mwilini, na kilikuwa na mtu ndani yake.

Wiki chache baadaye sauti yangu ikabadilika. Nyinyi watu wazima mnacheka, mnajua kilichotokea. Kila mvulana humtokea. Lakini mimi sikuambiwa na mtu, na nilifungua kinywa uwanjani asubuhi moja nikitaka kumwita winga wetu, ikatoka sauti nzito, ya chini, inayovunjika katikati. Timu nzima ikageuka. Niliziba mdomo kwa mkono. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni Gaitani, kwamba amechoka kungoja na sasa anazungumza. Siku kadhaa nilinyamaza kama bubu, nikajibu walimu kwa kutikisa kichwa, hadi mmoja akanipeleka kwa mganga wa shule akanitazame koo. Yule mganga alicheka akanirudisha. Kicheko chake hakikunisaidia, kwa kuwa nilidhani hata yeye anaficha.

Na timu ilinitii. Hilo ndilo lilikuwa la kutisha kuliko yote. Wavulana wenye ndevu, ambao mwaka uliopita walinituma maji, waliondoka nafasi zao nikinyoosha kidole tu. Siku moja ya mazoezi nilivaa jezi ya kawaida kutoka stoo, nione. Walicheza vizuri na walinisikiliza, lakini kila mara macho yao yalitafuta ule ukosi mweupe, na wasipouona walisitasita. Nikairudia. Nilikuwa nataka ushindi, na nilikuwa mtoto, na kiti kikishakuwa chako huulizi sana nani alikikalia kabla yako.

Mama Gaitani alikuja kila Jumapili akitoka kanisani. Alinibebea makande, karanga za kuchemsha, maboga yakiwa bado na joto. Alikaa pembeni akinitazama nikila, na mimi nilikula huku nikiogopa kwamba ananenepeshwa mtu hapa, na kwamba siku nikinona vya kutosha nitapelekwa kule aliko mwenye jina. Baadaye akawa ananiombea ruhusa nishuke kwake. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, safi, yenye kigoda kimoja ambacho alinipa mimi. Alinichinjia kuku. Nilipokuwa natafuna alisimulia.

"Unakumbuka ulivyotumbukia mtoni? Ulikuwa unafuata bata wa jirani."

Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

"Ulilia siku nzima. Siyo sababu ya maji. Sababu bata wamekimbia."

Alicheka, na mimi nikacheka. Jumapili nyingine akasimulia tena, akaongeza baridi ya maji, akaongeza jiwe lililomchubua goti. Nilirudi shuleni nikapandisha kaptura kutazama goti langu. Na mpaka leo, niamini au usiniamini, ninayo kumbukumbu ya kutumbukia Ruaha Mdogo nikiwa mdogo, maji yakiniingia puani, bata weupe wakienda zao. Mimi nilizaliwa Mwanjelwa, na utoto wangu wote sikuwahi kuona mto wa kunifika kiunoni. Nimewaeleza watoto wangu mambo mengi ya uongo na ya kweli, lakini hilo sijui niliweke upande gani.

Mwezi wa baridi tulisafiri kucheza Mbeya. Kwa timu ilikuwa mechi kubwa ya mwaka, na kwangu ilikuwa zaidi, kwa kuwa wazazi wangu wangeniona kapteni. Tulikuwa tumeshaanza kupasha miguu nilipomwona Mama Gaitani pembeni ya uwanja, amejifunga blanketi, amesimama karibu kabisa na mama yangu. Alikuwa amepanda lori la mahindi peke yake, yeye ambaye hakuwahi kuvuka Igawa. Tulishinda kwa goli ambalo mimi nilikuwa mbali nalo kabisa, na bado watu walinibeba mimi. Kutoka juu ya mabega yao niliwaona wanawake wawili wakinipungia mkono, kila mmoja akijua anampungia mwanawe.

Mama alikuwa mtu wa wageni. Akasikia huyu dada katoka Iringa kuja kuwatazama vijana, hana pa kufikia, akasema, "Mgeni wa mwanangu ni mgeni wangu," akamleta nyumbani. Mwalimu aliniruhusu niende nao. Tuliketi uani, baba yuko dukani bado, na chakula kilipokuwa karibu kuiva Mama Gaitani akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Gaitani, mletee mama maji anawe."

Niliinuka kwenda kuchukua birika. Nilipogeuka nikaona mama ameshika upawa hewani. Hakusema kitu mbele ya mgeni. Alinifuata jikoni.

"Nani anaitwa Gaitani?"

"Kapteni wetu. Alifariki masika."

"Na wewe umeinuka."

"Ndiyo, mama."

Nikamweleza yote, jezi, kuvalishwa, maneno ya Lusiano. Mama alifunika chungu, akafunua, akafunika tena. "Jina la maiti juu ya mtoto wangu," akasema. "Baba yako akijua, hiyo jezi tutaikuta mafigani. Ivue."

"Nikiivua sina ukapteni."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia sina kichwa. Kisha akanishika mkono akanirudisha uani, akanikalisha mkekani, yeye upande huu na mgeni upande ule.

"Dada," mama akaanza, "kwanza pole. Uchungu wa mtoto naujua, nami nimezika. Lakini huyu niliyemzaa mimi anaitwa Rajabu."

"Najua, dada."

"Unajua, na unamwita vingine."

Mama Gaitani alivuta blanketi lake. Hakuwa na haraka, na hapo niliona mwanawe alimrithi nani. "Akija kwangu nachinja kuku," akasema. "Namwita jirani yangu, Mwislamu, apande aje achinje yeye, ili huyu ale. Ningekuwa sijui ni mtoto wa nani, ningemwita yule wa nini?"

Mimi nilikuwa nimekula kuku wale wote na sikuwahi kuuliza kisu kilikuwa mkononi mwa nani.

"Mwanangu nimemzika, macho yangu yameona," akaendelea. "Sijachanganyikiwa. Lakini kijana kwetu akifa, hata jina halitajwi tena, unabaki na mdomo tu. Shule wamenipa mtu wa kumwita. Sikuomba mimi. Sasa nikisema 'Gaitani', kuna mtu anageuka. Simchukui, dada. Naazima."

"Mpaka lini?"

"Mpaka avue jezi. Mwisho wa mwaka si anavua?"

Mama alinitazama mimi, akatazama ule ukosi mweupe uliokuwa na vumbi la ushindi. Nadhani aliona jinsi nilivyokuwa nautaka ukapteni, na nadhani aliona pia kitu kingine usoni mwa yule mama, kwa sababu sauti yake ililegea.

"Kitu cha kuazima hurudishwa kwa mkono," akasema.

"Nitamrudisha kwa mkono."

Wakala sinia moja. Baba aliporudi aliambiwa ni mama wa mwanafunzi mwenzangu, jambo ambalo halikuwa uongo. Mimi nilikula nikijiona kinu cha nyumba, ambacho jirani anakitaka na mwenyewe hamnyimi, na kwa mara ya kwanza tangu masika nilikuwa na raha. Kumbe mambo yenyewe yana mwisho. Kumbe kuna siku ya kurudishwa.

Nusu ile ya mwaka nilikuwa kapteni kwelikweli. Sikuogopa sauti yangu tena. Nilipaza, watu wakaenda. Nilikula wa mwisho. Nilipaka mpira mafuta mpaka vidole vikawa laini. Jumapili nilishuka Ipogolo nikaitwa Gaitani na nikaitika bila kusita, nikamkatia kuni, nikampalilia bustani ya mtoni, nikamkumbusha mwenyewe habari za bata pale alipokosea. Nilijiambia naitika kwa mkopo tu. Mtoto akishajua mchezo utakwisha, anaucheza kwa moyo wote.

Mwaka ulipoisha nilimteua mwenzangu, na safari hii Lusiano alikwenda kwa Mwalimu Edgari mapema akamweleza jambo kwa upole. Jezi haikuvalishwa mtu. Niliivua bwenini, nikaifua, nikaikunja, nikamkabidhi kapteni mpya mkononi, naye akaipokea kwa mikono miwili. Nilibaki na shati langu la kaki. Nilijisikia mwepesi na baridi kidogo.

Mama Gaitani alikuwa ananingoja kituoni na nguo zake safi. Nilimwambia njia naijua, asisumbuke. Alitangulia kupanda basi. Ndani ya basi alinishika kifundo cha mkono, na hakukiachia hadi tuliposimama njiani kunywa chai. Alinimiminia chai yangu kwenye sahani ipoe, mimi kijana mwenye sauti ya mwanamume, na nikainywa vilevile. "Kunywa, Gaitani," akasema. Tulipoiacha Igawa nyuma hakuniita tena jina lolote. Alipotaka kunionyesha milima ya Mbeya ilivyokuwa imefunikwa na mawingu, alinigusa bega.

Mama alikuwa mbele ya nyumba anaanua nguo. Mama Gaitani hakungoja kukaribishwa. Alinivuta hadi mbele yake, akauweka mkono wangu ndani ya mkono wa mama.

"Dada, nimemrudisha. Mtazame. Hana upungufu."

"Asante, dada," mama akasema. "Mungu akulipe."

Mama akaniachia, akarudi nyuma hatua chache mpaka kizingitini, akanitazama kuanzia nywele hadi miguu. Kisha akaniita, kwa sauti ile ya kila siku ya kuniita nije kula.

"Rajabu."

Nilisikia. Nilijua ni jina la mtu, tena mtu ninayemfahamu vizuri, nikasimama pale uani na shati langu la kaki nikingoja yule mtu aitike. Haukuwa muda mrefu. Kuku alipita kati yetu akatoka.

"Naam, mama," nikasema.

Mama alikuwa ameshauona ule muda niliokawia, na macho yake yalinipita begani yakaenda kwa mgeni. Nikageuka na mimi. Mama Gaitani alikuwa anainamisha uso na kuvuta kanga, lakini nilimwona kabla haujafunikwa. Alikuwa anatabasamu.